Imeli Imebaki Wazi Saiba: Dalili, Chanzo na Dawa

Simu ilinijia siku ya Ijumaa, saa sita mchana, nimeshateremsha mlango wa saiba, duka langu la kompyuta za kulipia, niende msikitini. Aliyepiga ni mzee mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, na nyuma ya sauti yake nilisikia injini za boti. "Mwanangu, niko jeti ya Mokowe, basi la Mombasa ndilo hili linaondoka. Imeli yangu nimeiwacha wazi pale kwako, na mle mna barua za kesi ya shamba." Alitaka nirudi nikazime mashine. Nikamwambia, "Ami, hata nikiizima haitakutoa. Utajitoa mwenyewe, kwa hiyo simu uliyoishika." Hazikupita dakika tano alikuwa ameshajitoa, nami khutba nikaiwahi.

Nimesimamia kompyuta zinazotumiwa na watu wengi hapa Lamu kwa miaka kadhaa, na karibu kila siri niliyoiona ikivuja ilivuja namna hiyo. Haikuwa kazi ya mdukuzi wa ng'ambo. Mwenyewe aliacha mlango wazi, kisha mwengine akaja akaketi kwenye kiti kile kile. Kinachowaponza watu ni kunywa dawa moja kwa kila ugonjwa. Huyu amesikia "futa historia", basi hufuta historia hata pale ambapo kilichobaki ni faili. Yule ameambiwa atumie dirisha fiche (incognito), akaamini limemficha na walimwengu wote. Kwa hiyo nimezipanga dalili kama watu wanavyonijia nazo, kwa maneno yao wenyewe, na kila moja nimeieleza chanzo chake na la kufanya.

"Nishaondoka, na akaunti sikuifunga"

Kufunga dirisha si kutoka kwenye akaunti. Unapoingia kwa nenosiri, tovuti huacha ndani ya kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti kama Chrome, kipande kidogo cha data kiitwacho kuki, na wengine hukiita kidakuzi. Kilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli, mhandisi wa Netscape, ili tovuti iweze kumkumbuka mgeni wake anapohama kutoka ukurasa hadi ukurasa. Kuki ni kama tiketi ya feri: aliyeishika huvuka, na hakuna anayemuuliza jina. Ukifunga dirisha, mara nyingi tiketi inabaki mezani. Ukizima mashine, inabaki vile vile. Atakayefungua tovuti ile baada yako ataingia kwa jina lako.

Dawa yake iko kwenye simu yako. Kama ni akaunti ya Google, fungua programu ya Gmail, gusa picha yako iliyo pembeni juu, ingia kwenye usimamizi wa akaunti, kisha sehemu ya usalama. Humo mna orodha ya vifaa vyote vilivyoingia kwa jina lako. Tafuta kompyuta isiyo yako, iguse, uiamuru itoke. Facebook na Instagram nazo zina orodha kama hiyo kwenye mipangilio ya usalama. Kwa WhatsApp, gusa vitone vitatu vilivyo juu, au mipangilio kama simu ni iPhone, nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa, na mle utaiona kompyuta ya saiba imeandikwa pamoja na saa iliyotumika mara ya mwisho. Itoe. WhatsApp huruhusu vifaa vinne kuunganishwa na simu moja, na mtu asiyefungua orodha hiyo hata siku moja anaweza kukaa na kompyuta ya ofisi aliyoacha kazi zamani ikisoma ujumbe wake.

Ukishatoa kifaa, badilisha nenosiri. Tovuti ambazo hazina orodha ya vifaa, mara nyingi hiyo ndiyo njia pekee uliyobaki nayo. Tovuti nyingi za huduma hukutoa zenyewe ukikaa kimya kwa muda, lakini usiketi ukangojea hilo huku vyeti vyako viko wazi.

Halafu kuna jambo ambalo watu hawalifikirii. Fanya haya yote kabla hujampigia simu mwenye saiba. Hata akiwa mtu wa amana kabisa, ili akufungie akaunti lazima kwanza aione. Kwa nini umtwike mwenzako mzigo wa kuona barua zako wakati unaweza kujifungia mwenyewe ukiwa ndani ya basi?

Na siku ukiwa wewe ndiye unayekuta akaunti ya mtu wazi, mtoe bila kusoma. Sogeza macho juu, bonyeza picha yake, mtoe, umalize.

"Stima imekatika nikiwa ndani"

Hii ni dalili yetu wenyewe, na nimeona waandishi wa mambo haya kutoka miji ambayo taa hazizimiki wakiipita tu. Uko katikati ya fomu ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, au barua iko wazi mbele yako, mara kioo kinakuwa cheusi. Feni inanyamaza. Unangoja robo saa, joto linakuzidi, unaenda zako. Baada ya saa moja stima inarudi, kijana fulani anaketi, anafungua kivinjari, na kwenye kona kinamuuliza kama anataka kurudishiwa kurasa zilizokuwa wazi. Anabonyeza ndiyo, maana yeye ameona swali tu. Kurasa zako zinarudi zote, nawe ukiwa umo ndani yake.

Kivinjari kinachozimika ghafla huhesabu kimeanguka, na kazi yake ya kwanza kikiinuka ni kurudisha kilichokuwako. Hata zile kuki za muda, ambazo zingekufa kama ungefunga dirisha kwa mkono wako, huweza kufufuliwa. Balaa kama hilo lipo hata bila stima kukatika, ikiwa aliyeipanga mashine amechagua kivinjari kianze pale kilipoishia. Chini ya mpango huo, tovuti iliyoahidi kukusahau ukifunga dirisha itakukumbuka kesho yake asubuhi.

Kama unaweza kungoja, ngoja. Stima ikirudi keti wewe mwanzo, likatae lile swali, kisha nenda kwenye tovuti yako utoke kwa utaratibu. Kama huwezi kungoja, rudi kwenye dawa ya simu niliyoieleza hapo juu.

Kinga yake ni dirisha fiche. Dirisha la namna hiyo likianguka haliinuki tena: kivinjari hakirudishi kurasa zake, na kuki zake hupotea nalo. Ndiyo maana msimu wa stima ya kubabaisha mimi humwambia kila mteja wangu afungue dirisha fiche kabla hajaandika chochote. Kwenye Chrome na Edge shika Ctrl na Shift kwa pamoja, kisha bonyeza N. Kwenye Firefox herufi ni P. La Chrome utalitambua kwa weusi wake na ile picha ya kofia na miwani.

"Niliyoyatafuta nyumbani yanaonekana hapa", au kinyume chake

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hili ndilo linalowafedhehesha watu wengi bila kujua limeanzia wapi.

Mwalimu mmoja alinijia amekunja uso. Shuleni kwao kuna kompyuta moja ya chumba cha walimu. Aliingia Gmail mara moja tu, achapishe mtihani, na akakumbuka kutoka. Wiki ile ile mwenzake alipoandika herufi mbili kwenye kisanduku cha anwani juu, zikatokea kurasa ambazo yule mwalimu alikuwa amezisoma kitandani kwake, usiku, kwa simu yake. Zilikuwa kurasa za ugonjwa. Wenzake wakaanza kumpa pole kwa jambo ambalo hajamwambia hata mamake.

Aliloingia halikuwa Gmail pekee. Alipoweka nenosiri, kivinjari kilimuuliza swali la ziada, kama anataka kukiingia chenyewe kwa jina lake na vitu vyake vilinganishwe kila mahali. Akabonyeza kitufe cha buluu kwa kuwa ndicho kilichokuwa kikubwa. Tangu hapo historia ya simu yake, alamisho zake (kurasa alizojiwekea alama) na maneno yake ya siri vikamiminika kwenye mashine ile, na kila walimu walichokitafuta kwenye mashine ile kikapanda hadi kwenye simu yake. Kutoka Gmail hakutoshi kuuzima mfereji huo kila mara.

Kujua kama umeingia kivinjari chenyewe ni rahisi. Tazama juu kulia, karibu na vile vitone vitatu. Kuna duara dogo. Likiwa na sura yako, au herufi ya kwanza ya jina lako, basi kivinjari kimekushika. Dalili nyingine ni hizi: alamisho zako za nyumbani zimejipanga chini ya kisanduku cha anwani, au ukifika ukurasa wa kuingia, nenosiri linajijaza lenyewe kwenye mashine ambayo hujawahi kulihifadhi.

Bonyeza duara lile, chagua kutoka, na ukiulizwa kama data ifutwe kwenye kifaa hiki, kubali. Ikiwa kivinjari kilikufungulia wasifu mpya (profile) kwa jina lako, ufute wasifu wote. Ikiwa ulijiingiza kwenye wasifu ambao wengine pia wanautumia, usiufute, maana utaondoka na vitu vyao. Toa jina lako tu, kisha ondoa vilivyo vyako. Baada ya hapo chukua simu, itoe kompyuta ile kwenye orodha ya vifaa, na ubadilishe nenosiri.

Zingatia utaratibu huu, kwa sababu kuna mtego. Ukifuta historia kabla hujatoka, ufutaji huo nao husafiri. Mtu husafisha mashine ya saiba kwa bidii, akifika nyumbani anakuta historia ya simu yake imekwenda vile vile. Toka kwanza, futa baadaye.

Na unapofuta, kwa Ctrl, Shift na Delete, utaulizwa urudi nyuma muda gani. Chagua saa moja, au muda ule uliokaa hapo. Ukichagua muda wote umewafutia na wengine, na kama mashine ni ya nyumba ya mjomba wako utasikia habari yako jioni. Kumbuka pia kwamba ulichokitafuta ukiwa umo ndani ya akaunti ya Google huweza kuwa kimeandikwa kwenye akaunti yenyewe, kwenye ukurasa wa shughuli zako. Hicho hakifutwi kwa kusafisha kompyuta. Ingia pale pale ukifute.

Kinga ninayoipenda kuliko zote ni ya dirisha la mgeni. Bonyeza lile duara, chini ya orodha ya majina utaona nafasi ya kufungua kama mgeni. Dirisha la mgeni huanza likiwa tupu kabisa. Halioni alamisho za mwenye mashine, halibebi vile viendelezi, programu ndogo za ndani ya kivinjari, alivyojiwekea, na ukilifunga linakwenda na kila kitu chako isipokuwa mafaili uliyopakua. Mwalimu angelifungua hilo, mtihani ungechapwa na ugonjwa wake ungebaki wake.

"Nikiandika sifuri saba, namba yangu inajitokeza"

Kivinjari hukumbuka kilichoandikwa kwenye fomu: namba ya simu, namba ya kitambulisho, jina la mama. Andika herufi za mwanzo, pendekezo litokee, teremka juu yake kwa kitufe cha mshale bila kulichagua, kisha bonyeza Shift na Delete pamoja. Litaondoka. Rudia kwa kila kisanduku. Likiwa nenosiri lililohifadhiwa, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya maneno ya siri, ulifute kwa jina la tovuti. Na pale kivinjari kinapouliza kama kikuhifadhie, jibu lako kwenye mashine ya watu ni kamwe.

"Nimetoka, lakini nikibonyeza mshale wa kurudi naona barua"

Mara nyingi hiyo ni picha tu ya ukurasa ambayo kivinjari kilijiwekea, akaunti yenyewe imeshafungwa. Jaribu kufungua barua nyingine, utatakiwa nenosiri. Hata hivyo picha ni picha, na anayeketi baada yako ana macho. Funga dirisha lote, si kichupo (tab) kimoja, kisha futa historia ya saa ile, kwa sababu Ctrl, Shift na T hurudisha kichupo, hata dirisha zima, lililofungwa sasa hivi, na vijana wa hapa wanalijua hilo vizuri.

"Nilitumia dirisha fiche, na bado nimejulikana"

Aliyeingia nyumba ya kale ya mji huu atanielewa haraka. Mlango unafunguka kwenye daka, pale wanaume wanapoketi kuzungumza. Ukipita unaingia tekani, nayo imepindwa, ili anayepita njiani asione ndani hata mlango ukiwa wazi. Waliojenga walijua wanamficha nani na nani: mpita njia haoni kitu, lakini aliyemo ndani ya nyumba anakuona, na jirani aliye juu ya dari anaweza kukuona pia.

Dirisha fiche ni tekani. Linakuficha na mpita njia, yaani mtu atakayeketi baada yako. Ukilifunga, historia na kuki zake huondoka. Mwenye mashine, mwenye ruta (kile kifaa kinachogawa intaneti) na tovuti unayoitembelea wao wamo ndani ya nyumba. Mwenye ruta, kwa tovuti ambazo anwani yake huanza na https, hasomi ulichoandika lakini anaweza kuona umekwenda tovuti gani. Tovuti yenyewe inakuona kama kawaida. Watu wengi mno hawakulijua hilo: mwaka 2020 watumiaji huko Marekani waliishtaki Google kwa kukusanya habari zao wakiwa kwenye dirisha fiche la Chrome, na mwaka 2024 kampuni ikakubali katika suluhu kufuta kumbukumbu hizo na kueleza wazi zaidi kile dirisha hilo linachofanya na lisichofanya.

Basi ukijulikana, jiulize kwanza: amenijua nani? Akiwa mwenzako wa kiti, chanzo ni moja ya mambo mawili. Ama umeacha faili, na hilo linafuata hapa chini. Ama hukuyafunga madirisha fiche yote. Kwenye Chrome ya kompyuta, madirisha fiche yote yaliyo wazi kwa wakati mmoja hugawana kuki. Ukifunga moja na jingine limelala chini ya skrini, umo bado. Ndiyo sababu mtu hufungua dirisha fiche "jipya" akakuta Facebook ya mtu asiyemjua: la mteja aliyepita lilikuwa limeteremshwa tu. Kabla hujaanza na kabla hujaondoka, tazama upau wa chini wa skrini na uyafunge yote.

Akiwa aliyekujua ni mwajiri wako, au mwenye saiba, hakuna dirisha litakalokusaidia kwenye mashine yake. Programu nyingi za kusimamia saiba humwezesha msimamizi kuona skrini za wateja kutoka kwenye meza yake. Nasema haya nikiwa mmoja wao. Jambo ambalo hungependa nilione, lifanye kwenye simu yako, kwa bando lako.

"Faili langu limekutwa"

Hapa ndipo panaponiumiza moyo. Siku moja niliketi jioni kwenye mashine namba tatu, nikafungua folda ya vipakuliwa. Cheti cha PIN ya kodi cha KRA, kimoja, cha pili, cha tatu, hadi cha kumi na nne, kila kimoja na jina la mtu wake. Barua ya mkopo wa masomo wa HELB. Matokeo ya hospitali ya mama mmoja, na umri wake juu yake. Wote walikuwa wamefuta historia. Baadhi yao walitumia dirisha fiche, tena mimi mwenyewe nilikuwa nimewafundisha. Nikaona haya, kwa sababu nilikuwa nimewafundisha nusu.

Dirisha fiche halifuti ulichopakua. Faili likishateremka ni mali ya kompyuta, si ya kivinjari. Na vyeti mara nyingi hujipakua hata ukitaka kuviona tu. Bonyeza Ctrl na J, utaona orodha ya vilivyoteremka. Usikiondoe kwenye orodha ukadhani umemaliza: hapo umefuta jina tu. Fungua folda yenyewe, chagua faili, shika Shift na ubonyeze Delete, lisipitie kwenye pipa la taka. Ukifuta kwa njia ya kawaida, nenda ukalimwage na pipa.

Kuna sehemu nyengine tatu ambazo hupitwa. Ya kwanza ni skana. Kitambulisho chako kikiskaniwa, picha yake inatua kwenye folda ya skana, na mara nyingi folda hiyo iko kwenye mashine ya msimamizi, mbali na macho yako. Mwambie aifungue na aifute mbele yako. Usione haya kumwomba. Nimeombwa mara nyingi na sijachukia. Ya pili ni njia faili lilivyofika. Ukimtumia msimamizi cheti kwa WhatsApp akuprintie, nakala inabaki kwenye simu yake na kwenye kompyuta yake. Mwombe afute, nawe ufute kwa wote upande wako, ukijua kwamba huko hakuondoi alichokwisha kukihifadhi. Flashi yako ni salama zaidi, ilimradi ufungue faili moja kwa moja kutoka humo bila kulinakili mezani. Ya tatu ni ile karatasi iliyotoka mbaya, imekunjwa na kutupwa ndooni na namba zako zote zinasomeka. Ichukue.

Na mwenzangu mwenye saiba, haya si hisani. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haitaki mtu akae na habari za watu kuliko kazi inavyohitaji. Mteja akishalipa na kuondoka, kitambulisho chake hakina kazi tena kwenye mashine yako. Mimi husafisha folda zote kila magharibi kabla ya kuteremsha mlango. Ukiweza, weka programu inayorudisha mashine ilivyokuwa kila inapowashwa upya, kisha uiwashe upya baina ya wateja, maana bila kuwashwa upya haifanyi kitu.

"Kompyuta ni ya nyumbani, na nyumba imejaa watu"

Dawa hapa ni moja na haina maneno mengi: kila mtu awe na akaunti yake ya Windows, yenye nenosiri lake. Kuunda moja ni kazi ya dakika chache kwenye mipangilio, na kila mmoja atakuwa na kivinjari chake, folda zake na historia yake. Ukiinuka, shika kitufe chenye alama ya Windows na L, skrini inajifunga.

Nawasikia wazazi: mtoto anaficha nini? Binti wa miaka kumi na sita anayesoma kuhusu maumivu ya hedhi hafichi uovu. Ana stara, ile ile tuliyomlea nayo. Mwekee vizuizi vya umri kwenye akaunti yake ukitaka, na mwambie umeviweka. Usimvizie.

Kama matangazo ya kitu alichotafuta mmoja yanawafuata wengine hata kwenye simu zao, fahamu kwamba nyinyi nyote mnatoka kwenye ruta moja, na kwa wenye matangazo mnaweza kuonekana kama mtu mmoja. Zuia kuki za watu wa tatu, yaani zisizo za tovuti uliyoifungua, kwenye mipangilio ya kivinjari, itapungua. Kuisha kabisa, haitaisha.

"Nimefanya yote hayo, na bado kuna mtu anaingia"

Simu yako imeleta namba za uthibitisho ambazo hukuziomba. Au kwenye orodha ya vifaa umeona kimoja kipya, saa tisa usiku. Hapo mtu ana nenosiri lako, na swali ni alilipata wapi.

Kwanza, usimpe mtu yeyote zile namba, hata akijitambulisha kuwa ni wa kampuni ya simu. Badilisha nenosiri kwa simu yako, si kwa mashine unayoishuku, kwa sababu ikiwa mashine inanasa maandishi basi umeipa na jipya. Washa uthibitisho wa hatua mbili, ili nenosiri peke yake lisitoshe kuingia. Tazama pia, kwenye mipangilio ya imeli, kama kuna anwani usiyoijua inayopelekewa nakala za barua zako: mwizi mwerevu huiacha hiyo, ukambadilishia nenosiri naye akaendelea kusoma.

Kisha fikiria mashine uliyotumia. Kama kivinjari kina viendelezi usivyovielewa, kimojawapo chaweza kuwa kinasoma kila ukurasa. Dirisha la mgeni hukuepusha navyo. Programu iliyojificha ndani ya kompyuta ikinasa kila kitufe unachobonyeza haikwepeki kwa dirisha lolote, wala hutaiona. Lakini kuna kinasa cha aina nyingine ambacho unaweza kukiona kwa macho yako. Inama nyuma ya sanduku la kompyuta, ushike waya wa kibodi kwa vidole, uufuate hadi mwisho wake. Unapaswa kuingia moja kwa moja kwenye mashine. Ukikuta baina ya waya na mashine kuna kipande kidogo kama flashi fupi, usiandike nenosiri lolote hapo. Chengine huwa ni kiunganishi tu cha kibodi ya zamani, kwa hiyo usimtuhumu mtu. Mwite msimamizi, muulize ni nini, na umwombe akichomoe mbele yako. Akikataa, lipa dakika zako uondoke, na ukifika nje fungua simu ubadilishe kila nenosiri ulilowahi kuliandika kwenye kibodi ile, ukianza na la imeli, maana hiyo ndiyo inayofungua akaunti nyingine zote.